Wosia wa Kaizari na Msomaji wa Maili Moja

Kuna aina ya maandishi yenye wasomaji wengi katika Kiswahili ambayo wahakiki aghalabu huipita kama mtu apitavyo duka asilokusudia kununua kitu. Ni makala ya siasa ambayo hayasemi siasa peke yake. Mwandishi huanza na bei ya unga au nauli ya gari. Hutoka hapo akamshitaki mkubwa fulani. Husimulia habari ya wimbo au mchoro uliomgusa moyo. Na kabla ya kuagana na msomaji wake humtajia kitabu cha kusoma. Makala hayo twaweza kuyaita makala ya mseto, kwa kuwa yamechanganywa kama mchele na choroko. Huchapwa magazetini, husomwa barazani, na siku hizi husomwa zaidi katika simu. Wasomi huyaona mepesi mno kuwa fasihi na mazito mno kuwa porojo. Maoni yetu ni kwamba yanastahili kuhakikiwa kama utenzi au riwaya inavyohakikiwa, kwa sababu yana nguvu ambayo tenzi nyingi na riwaya nyingi hazina: huwafundisha watu namna ya kujiona wenyewe.

Yafaa kumtazama kwanza msomaji wake. Maili Moja ni mtaa wa Kibaha, mji ulio yapata kilomita 40 magharibi ya Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Morogoro. Alfajiri watu husimama hapo kungoja magari ya kwenda mjini. Mama lishe huwasha moto. Wauza matunda hupanga mafungu yao. Na muuza magazeti huyatandaza magazeti yake yakatazama juu. Wengi husimama wakasoma vichwa vya habari bila kununua, maana bei ya gazeti ni sehemu ya nauli. Hapo hapo mabishano huanza. Mmoja husema serikali, wa pili mpira, wa tatu maradhi ya mtoto wake, na baada ya dakika chache mambo hayo matatu huwa ni jambo moja. Huo ndio mseto wenyewe kabla ya kuandikwa. Mwandishi wa makala hakuuvumbua, aliukuta barabarani. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu kwa kuchanganya siasa na maisha ya kila siku, kwani maisha yenyewe hayakuyatenga. Swali letu ni jingine: anapouchukua mseto huo na kuwarudishia wenyewe ukiwa umeandikwa, je, amewalisha, au amewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa?

Swali hili lina uzito kwa sababu makala ya mseto husemwa kwa jina la umma. Jina hilo limebadilika mara nyingi. Zamani za kudai uhuru palikuwa na kabwela. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 palikuwa na mkulima na mfanyakazi. Uchumi ulipofunguliwa kwa wafanyabiashara akaja mlalahoi. Na kati ya mwaka 2015 na 2021 neno lililotamkwa sana na wakuu wa nchi lilikuwa wanyonge. Majina yote haya yalizaliwa na dhuluma za kweli, wala hatuyadharau. Lakini kila moja lilipata siku ya kugeuzwa kazi. Lililokuwa jina la mtu likawa kiti cha msemaji. Siasa ya kujipendekeza kwa umma huanzia hapo: si pale mtu anapowatetea watu walioonewa, bali pale anapojifanya kinywa chao cha pekee, hata wao wenyewe wakisema neno jingine wakahesabiwa kuwa wamenunuliwa au hawajaelewa.

Namna kinywa hicho kinavyofanya kazi hatuna haja ya kuitafuta mbali. Tunayo katika Kiswahili tangu mwaka 1963, pale Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Tafsiri hiyo aliisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mara nyingi tumeisoma tafsiri hii kwa kutazama lugha yake: kwamba imetungwa kwa mistari isiyo na vina katika zama ambapo washairi wengi waliona vina na mizani kuwa ndio ushairi wenyewe; na kwamba imeonyesha Kiswahili kinavyoweza kubeba maneno mazito ya watu wa Rumi. Hayo ni kweli. Lakini katika shauri letu la leo yatupasa kuutazama mchezo huu kwa jicho jingine, kwa kuwa ndani yake mna makala ya mseto yaliyo kamili kuliko yote tuyajuayo, nayo ni hotuba ya Antony juu ya maiti ya Kaizari.

Tazama vitu alivyovitumia. Antony hakuanza na hoja ya utawala. Alishika vazi la marehemu akawaonyesha watu, akawakumbusha jioni moja ya kiangazi Kaizari alipolivaa kwa mara ya kwanza hemani mwake, siku alipowashinda Wanervii. Hayo ni maisha ya kila siku: nguo, jioni, hema. Kisha akaonyesha matundu ya visu, tundu moja moja, akitaja majina ya wenye visu, kama mtu aelezaye picha kwa wasioijua. Hiyo ni sanaa. Tena alikuwa ametoa maandishi, yaani wosia wa Kaizari, akasema kwamba haifai ausome, hata watu wakamlazimisha ausome. Hapo ndipo penye kitabu chake cha kushauriwa. Wosia ulimpa kila raia wa Rumi drakma 75, na kuwaachia wote bustani za marehemu zilizo kando ya mto. Siasa, maisha, sanaa na maandishi: hakuna kilichokosekana.

Sasa tutazame ukweli wa vitu hivyo. Vita na Wanervii vilikuwa mwaka 57 kabla ya Kristo, wakati ambapo Antony wa historia alikuwa bado hajajiunga na jeshi la Kaizari. Jioni ile aliyoikumbuka kwa machozi hakuiona. Hatusemi kwamba Shakespeare alikosea; mchezo si kitabu cha tarehe. Twasema kwamba jambo hili linatufundisha kitu juu ya kazi ya maelezo madogo katika maneno ya siasa. Jambo dogo la nyumbani huaminiwa upesi kuliko hoja, kwa kuwa msikilizaji hujiona ndani yake. Nani hajavaa nguo mpya jioni? Anayeliamini vazi huamini na yaliyosemwa baada ya vazi. Ndiyo maana mwandishi wa makala anayeanza na sufuria ya mama yake ana deni kubwa kuliko yule anayeanza na takwimu. Takwimu mtu aweza kuikagua. Sufuria huipokea kwa moyo.

Na matokeo ya hotuba ile yanajulikana kwa kila aliyeisoma. Umati uliondoka pale na moto mkononi. Njiani ulikutana na mtu aitwaye Cinna, ambaye jina lake lilifanana na jina la mmoja wa wauaji. Alisema yeye si huyo. Yeye ni mshairi. Haikumfaa kitu. Walisema basi na auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Onyesho hilo ni fupi, na wanafunzi wengi hulipita kwa kicheko. Sisi twaona ndilo onyesho ambalo kila mtu wa kalamu angelibandika ukutani mwake. Umma uliofundishwa kuchukia majina hausomi tena. Na aliyekuwa wa kwanza kuuawa na umma huo hakuwa tajiri wala jemadari, bali mtunga mashairi.

Lakini tusiseme upande mmoja. Kama Antony alikuwa laghai, Brutus alikuwa nini? Alisema kabla yake, na maneno yake yalikuwa manyofu: alitoa sababu, akataka asikilizwe, akauliza kama yupo aliyemkosea. Hakutaja nguo ya mtu wala fedha za mtu. Na watu walimshangilia. Ila katika kushangilia kwao mmoja alipaza sauti kwamba yeye sasa na awe Kaizari. Yaani hawakuelewa hata neno. Brutus alimwua mtu ili pasiwe na Kaizari, na waliomsikiliza walitaka kumvika taji hilo hilo. Kosa lake ni kosa la wasomi wengi wa kwetu ambao huandika juu ya uhuru, katiba na uchumi bila kumwonyesha mtu hata mmoja akila, akilipa nauli au akipoteza shamba. Huacha uwanja wazi, kisha hushangaa kumkuta Antony amesimama ndani yake. Kwa hiyo dawa ya makala mabaya ya mseto si kuondoa mseto. Apikaye mseto hutanguliza choroko, maana zisipopewa muda wake hubaki ngumu hata mchele ukiiva. Hoja nayo yataka kutangulizwa motoni, si kurushwa juu ya chakula wakati wa kupakua.

Kipo kipimo kilicho bora cha kumjua Antony, nacho kimo katika onyesho ambalo hatulisomi mara nyingi kama lile la hotuba. Mwanzoni mwa sehemu ya nne, Antony ameketi na wenzake wawili wakiorodhesha watu wa kuuawa. Katikati ya kazi hiyo anamtuma mmoja wao akaulete ule wosia wa Kaizari, ili watazame namna ya kupunguza yale ambayo watu waliahidiwa ndani yake. Hakuna hotuba tena, wala vazi, wala machozi. Wosia uliosomwa uwanjani kwa sauti sasa unakatwa chumbani kwa kalamu. Anayeishia sehemu ya tatu ya mchezo huu atamwona Antony kuwa mtetezi wa umma. Anayeingia sehemu ya nne atajua kwamba umma ulikuwa ngazi.

Hapa ndipo lilipo jambo linalotufanya tumtazame mfasiri mwenyewe. Nyerere aliacha ualimu wa Pugu, katika vilima vinavyopakana na Kisarawe, mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Tanganyika ilipata kuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, naye akawa rais wake wa kwanza. Katika mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumpeleka mahakamani. Mwezi wa Januari 1964 askari waliasi. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Katikati ya mambo hayo, mtawala huyu aliwapa wananchi wake, kwa lugha yao, mchezo unaouliza kama ni halali kumwua mtawala anayeogopwa kuwa atageuka dhalimu, na unaoonyesha namna ambavyo umma huweza kulaghaiwa kwa mapenzi. Hatusemi kwamba kitabu hiki kilimsafisha na sheria ile. Sheria ile ilibaki miaka mingi, na walioumizwa nayo wana haki ya kusema. Twasema kwamba alikitia mikononi mwa watu kitabu kinachoweza kumhukumu yeye mwenyewe. Hilo ni adimu, na kwetu ndicho kipimo cha kwanza cha mtu anayeshauri vitabu: je, kitabu anachokishauri kinaweza kumwuma? Waandishi wengi wa makala hushauri vitabu vinavyokubaliana nao, ili msomaji arudi akiwa ameshiba maneno yale yale. Huko si kushauri kitabu. Ni kuita shahidi aliyefundishwa cha kusema.

Kitabu cha pili cha kuwekwa kando ya hicho ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapwa mwaka 1951, miaka 11 kabla ya mwandishi wake kufariki. Karama, mshitakiwa, amesimama mbele ya baraza. Kosa lake ni kuanzisha mafunzo ya sheria. Mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama naye ana nafasi ya kuwa Antony. Yuko hatarini, ana haki, na ana simulizi za kuwaliza watu. Lakini hakufanya hivyo. Alisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, juu na chini, wakarudi na mafunzo ya kuitengeneza nchi, na wote wakatupwa kifungoni. Aliwataja mmoja mmoja kwa jina na kwa kazi yake. Hakusema kwa jina la umma wote. Alisema habari za watu sita. Wala hakuwasema nyuma ya migongo ya wakubwa. Aliwasema mbele yao, mahali ambapo angeweza kujibiwa. Twaweza kukitia kitabu hiki dosari: wahusika wake ni majina ya tabia kuliko watu, na mtu wa kawaida wa Kusadikika hatumsikii akinung'unika sokoni. Walakini katika adabu ya hoja hakijapitwa.

Dosari iliyo kinyume na hiyo twaiona katika ngonjera za siasa. Mwaka 1968 Nyerere aliwataka washairi wasaidie kulieneza Azimio la Arusha, na Mathias Mnyampala, ambaye jina lake haliachani na ngonjera, aliitikia kwa bidii. Ngonjera za Ukuta zilitoka mwaka 1970, yeye akiwa ameshafariki. Katika ngonjera mwananchi yupo, tena anasema. Anauliza, anabisha, analalamika. Lakini aghalabu amewekwa pale ili ashindwe. Ubeti wa mwisho humkuta ameshukuru na kuongoka. Hatukatai kwamba ngonjera zilileta shangwe na mafunzo mashuleni. Twasema kwamba mtu anayepewa kinywa ili tu akiri kosa lake hajapewa kinywa. Na makala mengi ya mseto ya siku hizi, hata yanayoipinga serikali, yamerithi ngonjera bila kujua: dereva au mchuuzi anayetajwa ndani yake husema hasa lile ambalo mwandishi alikuwa amekwisha kuliamini kabla ya kutoka nyumbani.

Kitabu cha tatu ni Makuadi wa Soko Huria cha Chachage Seithy L. Chachage, cha mwaka 2002. Mwandishi wake alikuwa mwalimu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hata alipofariki mwaka 2006. Riwaya hii imo katika mkoa wetu wa Pwani, kwa kuwa mabishano juu ya ufugaji wa kamba katika delta ya Rufiji yamo ndani yake. Ni mseto hasa: historia ndefu, siasa kali, mazungumzo ya watu wa kazi na wa starehe, na vitabu vingi nyuma ya kila ukurasa. Pana mahali ambapo mhadhara humshinda msimuliaji, na msomaji huona amerudishwa darasani bila ya hiari yake. Lakini kitabu hiki hakimpambi mtu wa chini. Kinamwonyesha akidhulumiwa, na pia kinaonyesha jinsi watu wa tabaka mbalimbali, pamoja na wasomi wenzake mwandishi, wanavyoweza kuwa makuadi wa dhuluma hiyo. Asiyejitoa katika lawama ana haki ya kulaumu.

Sasa na tuurudishe uhakiki huu barabarani, maana huko ndiko ulikotoka. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa katika hifadhi ya barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kibaha, zilibomolewa. Mwishoni mwa mwaka 2018 kazi ya kuipanua barabara hiyo iwe ya njia nane ilizinduliwa, kwa urefu wa kilomita 19.2. Hilo ni jambo moja lenye nyuso mbili, na ni mtihani mzuri kwa mwandishi yeyote wa makala ya mseto. Aliyeandika habari za upana wa barabara na muda uliookolewa, akawaita wabomolewa kuwa ni wavamizi basi, alisoma nusu ya wosia. Aliyeandika habari za kifusi na machozi, asitake kujua kwamba hata aliyebomolewa huenda leo anapita katika barabara hiyo hiyo kwenda kutafuta riziki, naye alisoma nusu iliyobaki. Na jambo la kutafakari zaidi ni hili: zama zile ndizo zama ambazo neno wanyonge lilikuwa midomoni kila siku. Miongoni mwa waliobomolewa walikuwapo watu wasiokuwa na jina jingine la kujiita ila hilo. Neno moja liliwahesabu kuwa wenye nchi, na alama ya rangi ukutani iliwahesabu kuwa wenye kuhama. Makala ambayo hayakuyaweka mambo hayo mawili katika ukurasa mmoja hayakumsaidia msomaji wa Maili Moja, hata kama yalimliza.

Kibaha yenyewe inatupa sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka ule ule wa 1963, tafsiri ya Nyerere ilipotoka, ilianza hapo kazi ya ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, ambayo ilileta shule, matibabu na mafunzo ya wakulima, na mwaka 1970 ikakabidhiwa kwa Tanzania. Na mwaka 2022 ilifunguliwa huko huko Kibaha, Kwa Mfipa, shule ya uongozi yenye jina la Mwalimu Nyerere, iliyo mali ya vyama sita vilivyopigania ukombozi kusini mwa Afrika na ambavyo vinatawala. Mji mmoja umepewa kazi ya kuwafundisha watoto, wakulima na viongozi. Lingekuwa jambo la maana kama wote hao wangesoma vitabu vile vile, na wakavisoma hadi mwisho.

Basi kwa mwanafunzi anayetaka kuyahakiki makala ya mseto, au kuyaandika, twaacha maswali matatu. La kwanza: jambo la nyumbani lililotajwa limetazamwa kwa macho, au ni vazi la jioni ambayo mwandishi hakuwapo? La pili: mwananchi aliyepewa kinywa amesema neno ambalo mwandishi hakulitarajia? La tatu: kitabu kilichoshauriwa chaweza kumhukumu aliyekishauri? Makala yatakayoyapita maswali haya ni fasihi, hata kama yamechapwa katika karatasi ya kufungia vitumbua. Yatakayoshindwa tusiyaonee haya kwa sababu yanapendwa. Uwanjani Rumi watu walimpenda msemaji wao, wakapewa na ahadi ya drakma 75 kila mmoja. Wengi wao hawakuwamo chumbani wakati kalamu ilipopita juu ya wosia. Kazi ya mhakiki ni kuwa ndani ya chumba hicho, na kutoka nje kusema alichokiona.